Miche, baridi ya Makete na jiko la mkaa ndani ya kitalu nyumba

Swali: Shikamoo bwana shamba. Niko Matamba, Makete. Nina kitalu nyumba cha mbao na nailoni, mita 8 kwa 15, nilichojenga pembeni mwa kinyungu, bustani yangu ya bondeni, ili niwe karibu na maji. Nakuza miche ya nyanya na hoho, ya kwangu na ya kuuza. Mwaka jana mwezi wa saba baridi ilizidi, nikaingiza majiko mawili ya mkaa usiku. Miche haikufa, ila majani yalijikunja kuelekea chini, na kijana anayenisaidia aliumwa kichwa hadi akatapika. Mwaka huu jalidi, ule umande unaoganda, imeshanipiga trei mbili za hoho wiki iliyopita. Kuna mtu ananiuzia hita ya umeme ya wati 2,000. Ninunue, au nirudie mkaa ila niache dirisha wazi kidogo?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Naanza na huyo kijana, kwa sababu miche huoteshwa upya.

Kilichomtapisha ni gesi ya kaboni monoksidi. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha huitoa kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozeshi kama moshi wa kuni. Mtu huanza kwa kichwa kuuma, kisha miguu inalegea, kisha anasinzia. Akisinzia humo ndani, asubuhi mnaenda kumtoa. Kitalu nyumba kilichofungwa vizuri ni hatari kuliko jikoni kwenu, maana jiko la nyumbani lina nyufa darini na mlango unafunguliwa kila dakika. Nilipokuwa kijana kazini niliwahi kukesha na karai la makaa kwenye banda la miche, na nikaamka nje, nimelazwa kwenye umande, mlinzi akinimwagia maji usoni. Tangu hapo sijamshauri mtu yeyote kuweka moto usio na bomba la moshi ndani ya nailoni. Jiko la mafuta ya taa nalo ni vilevile.

Hayo majani yaliyojikunja yana maelezo yake. Moto usiowaka vizuri hutoa pia gesi iitwayo ethilini. Unaijua bila kujua kwamba unaijua: wazee wanapovundika ndizi shimoni na kupuliza moshi, kinachoziivisha haraka ni ethilini. Ndizi huipenda, nyanya haiwezi. Kiasi kidogo sana, hata kisichofika sehemu moja katika milioni ya hewa, kinatosha kuyainamisha majani ya nyanya na, ikiwa mmea umeshafika hapo, kudondosha maua. Kwa hiyo mwaka jana uliiokoa miche yako na baridi ukaivundika. Ukifungua dirisha kidogo, joto litatoka kwanza na gesi itabaki ya kutosha kuleta madhara. Mkaa tuuache.

Sasa hita. Hapa inabidi tupige hesabu, na kalamu ya risasi inatosha. Kitalu chako kina mita za mraba 120 chini, lakini joto halipotei kwa kufuata sakafu, linapotea kwa kufuata nailoni. Ukijumlisha paa na kuta unapata kama mita za mraba 260. Nailoni ya tabaka moja hupoteza karibu wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Zidisha 7 kwa 260: ni wati 1,820 kwa kila nyuzi. Yaani hita ya wati 2,000, ikiwaka usiku kucha bila kupumzika, itakipandisha kitalu chako nyuzi moja na kidogo. Nje kukiwa na nyuzi 1, ndani utakuwa na 2. Umelipa uniti 20 za umeme kwa saa kumi, na nyanya haijui kama umefanya lolote.

Ukitaka ndani pawe na nyuzi 10 zaidi ya nje, unahitaji kilowati 18, sawa na uniti 180 kwa usiku mmoja. Zidisha mwenyewe kwa bei ya uniti ya kwenu, kisha zidisha kwa siku za Juni na Julai. Hata kwa mkaa haishuki: kilo moja ina joto la uniti 8 hivi, kwa hiyo kilo 22 kila usiku, na hiyo ni kama hakuna hata chembe inayopotea. Hakuna mche wa nyanya utakaourudisha mtaji huo.

Kosa la wengi wetu ni kufikiri kwamba tatizo ni moto mdogo. Kinachokosekana ni blanketi, na kingine ni kwamba tunapasha nyumba nzima wakati miche imekaa pembeni, kimo cha kiganja.

Angalia usiku ambao jalidi inapiga. Mawingu hakuna, nyota zimetapakaa, upepo karibu umelala. Mchana udongo na mimea vilishiba jua, usiku vinalirudisha joto hilo juu angani kwa mionzi isiyoonekana. Wingu likiwepo hulirudisha kidogo chini, ndiyo maana usiku wa mawingu hauumi. Nailoni ya kawaida inazuia upepo vizuri, lakini mionzi hiyo inapita humo karibu kama hakuna kitu. Ndiyo sababu wakulima wengine wanashangaa kukuta ndani ya kitalu kitupu kuna baridi kama ya nje, na mara nyingine imezidi ya nje kwa nyuzi moja au mbili. Si kipimajoto kilichoharibika. Nje upepo mdogo unachanganya hewa, ndani hewa imesimama inapoa tu.

Halafu kuna suala la kinyungu. Nakuelewa, maji yako hapo na mgongo nao ni wako. Lakini hewa ya baridi ni nzito, nayo hutiririka usiku kutoka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Anayelima vinyungu amewahi kuona alfajiri bonde limekuwa jeupe huku mgomba ulio mteremkoni karibu na nyumba haujaguswa. Sikuambii uvunje banda. Angalia tu kama upande wa chini wa kitalu kuna uzio mnene, matete au rundo la mabua linalozuia baridi isiteremke zaidi. Kama lipo, fungua njia. Upande wa juu fanya kinyume: panda au jenga kizuizi kinachoikata ile baridi na kuielekeza pembeni. Siku ukijenga kitalu cha pili, panda nacho mteremko, hata mita 15 tu, na maji yafuate kwa mpira.

Sasa nikueleze ninachotaka ufanye, na humu ndimo fedha yako iende.

Ndani ya kitalu, jenga kibanda kingine kidogo cha miche peke yake. Urefu mita 10, upana mita 1.6, kimo kinachofika kiunoni. Fito za mianzi zilizopindwa nusu duara zinatosha, na huko kwenu penye ulanzi, pombe ya mianzi, hapakosekani fito. Juu yake tandaza nailoni safi. Upana wa mita 1.2 katikati ni wa trei, na hapo zinaingia trei 70 za matundu 200 bila kubanana, yaani miche 14,000, zaidi ya kupanda ekari moja ya nyanya. Kitalu kilichobaki kiache na baridi yake, ukitaka weka kabichi au saladi ambazo hazijali.

Kibanda hicho kina nailoni ya mita za mraba kama 26 badala ya 260. Rudia hesabu ileile: kukipandisha nyuzi 10 juu ya hewa ya kitalu unahitaji wati 1,800, sehemu moja ya kumi ya zile za mwanzo. Na bado hatujaleta blanketi. Jioni funika nailoni hiyo kwa magunia ya katani, mablanketi makuukuu, au mikeka ya nyasi kavu iliyoshonwa, hadi chini kabisa, pasibaki upenyo. Mionzi inayotoroka kwenye nailoni haipiti kwenye gunia. Hapo hitaji linashuka karibu nusu, tuseme wati 900. Magunia yakae makavu. Gunia lililolowa halizuii kitu, na uzito wake utavunja fito. Saa mbili asubuhi, jua likishashika, yatoe yote. Mche unaoachwa gizani unarefuka shingo na kuwa mwembamba kama uzi, halafu tunasingizia mbegu.

Hizo wati 900 tutazipata wapi bila umeme? Kwenye maji. Hakuna kitu cha bei rahisi kinachobeba joto kama maji. Lita moja ikipoa nyuzi moja inatoa kilojuli 4.2, kwa hiyo dumu la lita 20 likishuka kutoka nyuzi 22 hadi 12 usiku linatoa takriban robo ya uniti. Peke yake ni kama kibatari, wati 23 kwa saa kumi. Lakini panga madumu 20 kwenye kingo mbili za kibanda, kumi huku na kumi huku, yawe wati 460, nusu ya hitaji lako, bila bili na bila moshi. Yapake rangi nyeusi upande unaotazama jua, yajaze pomoni, yafunge. Yasikae chini ya trei, maana yakikaa kivulini mchana hayatapata cha kukurudishia usiku. Sehemu kubwa ya iliyobaki inatoka kwenye udongo wenyewe ulio chini ya kibanda, mradi uwe na unyevu. Udongo mkavu ni kama sponji: hauhifadhi joto, na kidogo ulicho nacho hautoi.

Kuna usiku tatu au nne kwa msimu ambao hata hayo hayatoshi. Utazijua jioni: ukitoka nje saa mbili usiku ukahisi pua inachoma na nyota zinaonekana kama zimeshuka, usilale mapema. Koka moto wa kuni nje, mbali na nailoni, uchemshe pipa la maji. Jaza madumu matano kwa maji ya moto wa nyuzi 60 hivi, yale unayoweza kuyagusa kwa nukta moja tu ukaondoa kidole. Yakiwa yanatokota acha kwanza yapoe, dumu litalainika na kupinda. Yaingize kibandani katikati ya trei, bila kugusa miche, kisha funika. Madumu hayo matano yatatoa kama uniti 5 kufikia alfajiri. Moshi wote umebaki nje, kijana wako amelala nyumbani kwake, na wewe umetumia mzigo mdogo wa kuni. Baadhi ya wakulima hucheka wakisikia habari hii, wanasema ni kama kumkanda mgonjwa. Ni hivyo hasa.

Yaingize saa nne au saa tano usiku, si saa moja. Baridi kali kuliko zote haiji usiku wa manane, inakuja saa kumi na moja hadi jua linapochomoza, na ukianza mapema mno utakuwa umemaliza akiba kabla ya vita.

Kama una ng'ombe, ipo njia ya samadi, na mimi naipenda zaidi ya zote kwa hoho, kwa sababu inapasha mizizi. Watunza bustani wa Paris katika karne ya 19 waliulisha mji mboga wakati wa theluji kwa kutumia samadi ya farasi wa mabehewa, hakuna umeme wala gesi. Ya ng'ombe haina moto kama ya farasi, kwa hiyo ichanganye na majani makavu na samadi kidogo ya kuku. Chimba tuta la kina cha nusu mita, shindilia mchanganyiko ukiwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, halafu usiweke kitu. Siku tatu hadi tano za mwanzo linachemka hata kufikia nyuzi 60, na linatoa amonia inayochoma macho. Trei ukiziweka hapo utazipika. Subiri lishuke. Tandaza udongo wa sentimita 10 juu yake, choma kipimajoto, na likisimama kwenye nyuzi 25 au chini kidogo, panga trei. Litakuhudumia wiki tatu hadi sita, muda wa mche kukomaa. Samadi hiyo baadaye inaenda shambani, haijapotea.

Mbegu nayo ina masharti yake. Ya nyanya huota vizuri udongo ukiwa nyuzi 20 hadi 30, na chini ya 10 italala tu hadi ioze. Hoho inataka joto zaidi, 25 kwenda juu. Kama huna tuta la samadi, otesha trei jikoni kwako penye joto la figa, ukiona vichwa vimeanza kutokeza ndipo uzihamishe kitaluni. Siku hizo za mwanzo hazihitaji mwanga. Baada ya hapo nyanya ikae usiku kwenye nyuzi 12 kwenda juu, hoho 15. Hoho ni ya kwanza kunyong'onyea siku zote, kama ulivyoona.

Nunua kipimajoto kinachoandika baridi ya chini kabisa na joto la juu kabisa. Kiko madukani. Kining'inize ndani ya kibanda kwenye kimo cha miche, si juu kwenye boriti ambako hewa ni ya uongo, na uandike kila asubuhi kwenye daftari. Wiki mbili tu za daftari zitakuambia kama unahitaji madumu 20 au 40, kwa sababu hesabu zangu hizi zinakisia na bonde lako lina tabia yake.

Ratiba ya siku ni nyepesi. Funga madirisha mapema, saa tisa au saa kumi jioni, jua likiwa bado lina nguvu. Wengi wanafunga saa kumi na mbili, yaani wanafunga baridi ndani. Mwagilia asubuhi jua likishapanda, kwa maji yaliyolala ndani ya kitalu, si ya mtoni moja kwa moja ambayo mwezi wa saba yanauma mfupa. Jioni usimwagilie kabisa. Majani yanayolala yamelowa ndani ya kibanda kilichofunikwa ni karamu ya ukungu, na udongo wa baridi uliojaa maji ndio unaoleta kinyausi, pale mche unapokatika shingoni na kulala. Saa nne asubuhi fungua kibanda na madirisha, hata kama nje bado kuna ubaridi, unyevu utoke.

Umeniuliza habari ya moto, nisikuache bila jibu kwa atakayetaka kupasha kitalu kizima kwa sababu ana mimea mikubwa. Jiko liwe la pipa la chuma lenye mlango unaofunguka nje ya kitalu, kuni ziingizwe kutoka nje, hewa ya kuwakia ivutwe kutoka nje, na bomba la moshi lipite ndani kwa urefu likipanda taratibu kabla ya kutokea upande wa pili. Liwe nusu mita mbali na nailoni, na pale linapotobolea ukutani weka bati kubwa badala ya nailoni. Bomba lenye tundu ni sawa na mkaa wako wa mwaka jana. Kabla ya gharama hiyo yote, weka tabaka la pili la nailoni kwa ndani, pakiwa na nafasi ya hewa kati yake na lile la nje. Linapunguza upotevu kwa karibu theluthi, na halili kuni.

Hita ya jamaa yako isinunuliwe. Utaniambia, mbona wati 2,000 zingetosha kwenye kibanda kidogo? Zingetosha. Lakini waya mwekundu wa moto chini ya magunia na nailoni, usiku, na hakuna mtu, sitaki kusikia habari zake. Kama umeme wenu ni wa uhakika na fedha ipo, tafuta mikeka ya joto au nyaya maalumu za kupasha tuta, zenye themostati, wati 100 hivi kwa mita ya mraba. Zinatandazwa chini ya trei na zinajizima zenyewe. Anza na mita tatu za hoho, nyanya zibaki na madumu.

Kuhusu trei mbili za wiki iliyopita: usizitupe bado na usizikate. Ziweke kivulini, jua kali la asubuhi lisizipige, na usizipe mbolea. Baada ya siku saba kwangua shina kwa ukucha. Likiwa kijani ndani na kile kichipukizi cha juu kiko hai, mche huo utarudi, ingawa utachelewa wiki mbili nyuma ya wenzake; huo panda wewe, usimuuzie mteja. Likiwa la kahawia na limelainika, mwaga udongo mbali na banda, osha trei kwa maji yenye jiki, na uoteshe upya wiki hiyohiyo. Hoho za kuotesha mwisho wa Julai zitakuwa tayari kwenda shambani Septemba, baridi ikiwa imeshaondoka.